Siku Niliyosema Mvua Imo Ndani ya Debe Langu

Jamani, aibu hii ni yangu na nimeibeba miaka mingi, kwa hiyo nikiisimulia msiniambie nimetia chumvi, maana chumvi iliyomo ningependa hata kuipunguza. Hapa Isevya, Tabora, mawingu yakikusanyika tu, lazima mtu apite mbele ya kibanda changu aulize, "Fundi Ramadhani, vipi, leo unaifungua au umeisahau nyumbani?" na wote wanaangua kicheko, na mimi nacheka nao, lakini wallahi nyundo naiweka chini. Wao wanajua ile nusu ya kuchekesha. Ile ya kuogopesha nilikuwa sijamwambia mtu, hata mke wangu nilimwambia kwa vipande vipande.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, watu wanahamishwa kutoka porini kuja barabarani, na mwezi wa kumi ndiyo kwanza unaingia. Mimi nilikuwa natoka Njombe kumtembelea binti yangu Mwajuma, aliyeolewa na mwalimu wa huko. Baridi ya Njombe, baba wee! Asubuhi ukifungua mdomo moshi unatoka kama una sigara, na ukungu unakaa mlangoni kama mgeni asiyetaka kuaga. Mwajuma alikuwa na ng'ombe, ng'ombe wake mwenyewe wa kwanza, na siku naondoka akanijazia maziwa ya mgando debe zima, akaniambia, "Baba, umpelekee mama, aonje kitu cha mkono wangu." Sasa mtu mwenye akili angesema mwanangu, Tabora kumejaa ng'ombe, maziwa ya nini? Lakini nani anaweza kumjibu hivyo mtoto aliyesimama kwenye baridi na kikoi, anatabasamu? Nikachukua debe, nikaweka mfuniko wa bati, nikatoa chuma changu cha kulehemia (chuma hicho sikiachi hata nikienda msibani), nikalehemu pande zote, risasi juu ya risasi, hata pumzi isipite.

Hata pumzi isipite! Na huyo ndiye anayejiita fundi bati wa Tabora nzima. Nimeziba maziwa yanayochacha, nimeyaziba kwenye baridi, halafu nayapeleka kwenye joto. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningempiga konzi.

Lori nililopata lilikuwa limebeba viazi na mbao, linakwenda mpaka Tabora, na dereva wake alikuwa Mzaramo anayeitwa Pazi, mtu mnene, mcheshi, sauti yake inasikika juu ya injini. Mnajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanateremka pwani na pembe kichwani na babu zao wanawapokea. Na utani una adabu yake. Mtani akikutukana humnunii, na akikuzushia jambo hulikani, unalipokea na kuliongezea lingine juu yake, kwa sababu ukikana umeshindwa. Basi tulitukanana kutoka Njombe mpaka Dodoma bila kupumzika, yeye ananiita mpagazi, mimi namwita muuza nazi, na kila tulipochoka kutukanana nikamsomesha hali ya hewa.

Maana mimi nina ugonjwa huo. Nikipita mahali mara moja tu, hewa ya pale inakuwa mali yangu. Redio ya lori ilikuwa inakoroma taarifa, Bukoba mvua imeshaanza, Kigoma ngurumo, pwani manyunyu, kanda ya kati na magharibi kavu itaendelea na upepo wa vumbi, na kila ikitaja mahali mimi naongezea. Makambako nikamwambia Pazi upepo huu utatuacha Iringa, ukatuacha Iringa. Mtera nikamwambia sasa vua sweta, akavua. Dodoma nikamwambia funga kioo, kisulisuli kinakuja, na kweli kikaja kikatujaza mchanga mpaka kwenye meno. Nikajiona mkubwa kweli kweli. Baada ya Manyoni joto likawa la kukaanga, na hapo ndipo nilipoanza kusikia kitu nyuma yetu kwenye viazi, "ndu!", kimya, halafu "ngu-ngu-ngu". Nikadhani ni mbao.

Mbele ya Itigi, ndani ya vile vichaka vikavu ambavyo wapagazi wa zamani walikuwa wanavipita wakiomba Mungu, rejeta ikachemka. Tukasimama kwenye kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, miti imekatwa yote, jua linapiga kila mahali kwa usawa. Nikateremsha debe langu niliweke kivulini chini ya lori, nikaona limevimba pande zote, nikashtuka kidogo, lakini Pazi alikuwa ananiita twende kuomba maji, nikalibeba begani nikamfuata. (Kwa nini sikuliacha? Niliogopa litaibiwa. Sasa hivi ningemlipa mwizi.)

Kisima kilikuwa shimo. Kina mama wamekaa kando yake wanasubiri maji yajikusanye chini, mmoja anateremka na kata, anachota matope mepesi, anapanda, wanasubiri tena. Pazi akaamkia, akaomba maji ya gari. Mama mmoja mrefu, mwembamba, kitenge kimepauka (baadaye nilijua anaitwa Mama Elizabeti), akajibu bila ukali, "Kaka, maji ya kunywa hatuna, ya gari tutatoa wapi? Mawingu yanakuja kila siku jioni, yanakaa hapo juu, halafu yanarudi yalikotoka. Mtu ameyashika."

Mimi, na mdomo wangu, nikasema, "Mama, msitegemee mvua kwa sasa. Kanda hii kavu itaendelea, mimi najua." Nikasema kama mwenye mamlaka, debe begani. Wakanitazama wote.

Pazi akaona nafasi yake. Akapiga makofi, akasema kwa ile sauti yake, "Msihangaike kumtafuta! Aliyeishika mvua yenu ni huyu Mnyamwezi, ameifungia humo ndani ya debe, natembea naye tangu Njombe!"

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi, ndugu zangu, uamuzi mdogo kuliko punje ya ulezi. Ningeweza kusema, "Anatania huyo." Maneno mawili tu. Lakini mtani kanirushia, mimi nishindwe? Mbele ya watu? Nikalipiga debe kofi, nikasema, "Naam, imo humu, na sifungui mpaka niletewe kuku!"

Tukacheka, mimi na Pazi, tukacheka mpaka tukagundua tunacheka wawili. Kina mama walikuwa wameacha kuchota. Na lile debe, kwenye bega langu, kwenye kimya kile, likasema "ngu-ngu-ngu-ngu" ndefu, ya taratibu, kama radi ya mbali kabisa upande wa pili wa milima.

Mama mmoja akaangusha mtungi. Mwingine akapiga yowe, na yowe la kijijini halihitaji tafsiri. Wanaume wakatoka kila nyumba, wengine na majembe, mzee mmoja na mundu, na kabla sijaweka debe chini walikuwa wametuzunguka, na kila mama anaeleza kwa lugha yake na kidole kinanionyesha mimi. Nikasema jamani, utani, ilikuwa utani!

"Utani na nani?" akauliza yule mzee mwenye mundu. "Mimi mtani wangu namjua. Wewe nakuona leo."

"Na huyu hapa, dereva, ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi, muulizeni!"

Wakamgeukia Pazi. Na Pazi, mtani wangu, mtu aliyekula chapati yangu Dodoma, akatazama chini akasema, "Mimi ni dereva tu. Nimempakia njiani."

Wakanipeleka mbele ya ofisi ya kijiji, wakaniketisha juani, debe pembeni yangu, na watu wote duara, na hakuna aliyenigusa hata kwa kidole, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi, maana mtu anayekupiga anajua anataka nini. Mwenyekiti wa kijiji akaja, kijana na suti yake ya kaunda imepigwa pasi, na nilipomwona nikasema Alhamdulillahi, mtu wa serikali. Akasafisha koo. Akasema, "Ndugu, mambo ya ushirikina katika kijiji hiki hatuyataki kabisa. Kabisa." Halafu akatazama watu, akatazama debe, akashusha sauti. "Lakini fungua tu."

Nikasema ndani ni maziwa. Debe likajibu "ndu!" Watu wakarudi nyuma.

"Maziwa yanaunguruma?" akauliza mwenyekiti, na nikaona na yeye anaogopa, haogopi mashetani, anawaogopa wale watu wake.

Sasa shida ni hii, mimi kama fundi nilishaelewa. Nilikuwa nalitazama debe lilivyotuna, risasi inaanza kupasuka kwenye pembe, nikajua humo ndani kuna bomu la mgando. Nikaomba moto nipashe chuma changu, nilegeze risasi polepole, pumzi itoke kidogo kidogo. Mzee wa mundu akasema hapana moto, moto unafukuza mvua. Nikasema basi tuliache lipoe mpaka jioni. Wakasema anangoja mawingu yaje ayarudishe tena. Kila nilichosema kilikuwa kinanichimbia shimo. Nikaanza kusoma Yasini kimoyomoyo, na mtu akasema, "Tazameni midomo yake."

Ndipo Mama Elizabeti akaja akachuchumaa mbele yangu, karibu kabisa, akaongea kwa sauti ndogo kama tuko wawili tu. Akasema, "Kaka, kule tulikotoka tulikuwa tunaijua mvua inapotokea. Hapa hatujui hata mlima wake. Mwaka jana hatukuvuna. Mbegu niliyokuwa nayo watoto wameila nusu, nusu nimeipanda kwenye vumbi, iko pale inangoja. Kama umeifunga, ifungue tu, mimi sitakufanya kitu, hata wao nitawaomba. Na kama hukuifunga, kwa nini ulisema?"

Nililia, jamani. Mtu mzima, baba wa mtu, nililia mbele ya kijiji kizima na kamasi zinatoka, na (hili silisemi mara mbili) suruali ilikuwa imeshalowa kabla ya hapo, nimekaa juu ya uthibitisho. Nikachukua msumari na jiwe. Nikawaambia sogeeni. Hawakusogea, isipokuwa Pazi, yeye alikuwa ameshafika kwenye lori.

Nikagonga mara moja.

Sikuwahi kugonga ya pili. Mfuniko uliruka na kishindo cha bunduki, mgando ukapanda juu kama mti, ukashuka juu yangu, juu ya mwenyekiti na suti yake, juu ya mzee na mundu wake, mabonge meupe yamening'inia masikioni, na harufu hiyo, siku tatu za jua ndani ya bati! Watu wakakimbia kila upande wakipiga kelele, majembe chini, na mimi nikabaki nimekaa peke yangu katikati ya uwanja, mweupe kuanzia utosini mpaka kiunoni, na mbwa akaja akaanza kunilamba shingo. Nikamshukuru Mungu kwa kitu kimoja, kwamba sasa suruali yangu ina sababu.

Mama Elizabeti ndiye aliyerudi wa kwanza. Akachovya kidole, akaonja, akawageukia wenzake akasema, "Ni maziwa." Mmoja akacheka. Wengine wakaanza, kicheko kikaenea, na mimi nikacheka nikilia, nikajua nimepona, nitaondoka hapa nikiwa nimechekwa tu, na kuchekwa hakuui.

Halafu upepo ukageuka.

Niliusikia kwanza kwenye yale maziwa, yakawa baridi mgongoni. Kisulisuli kikapita katikati ya nyumba kikabeba majani. Watu wakaacha kucheka mmoja mmoja, wakainua nyuso. Yale mawingu ya kila jioni yalikuwa yamekuja, lakini leo hayakukaa, yalishuka, meusi, na radi ikapiga, ya kweli, na tone la kwanza likaanguka juu ya debe tupu, "ta!" Sikuwahi kuchukia sauti kama nilivyoichukia ile. Redio ilisema kavu! Mimi nilisema kavu! Ikanyesha mvua ambayo sijaiona Njombe wala Bukoba, watu wanacheza kwenye matope, kina mama wanapiga vigelegele, na wanaume wale wale wa majembe wakaninyanyua mabegani, mgando unasafishika unatiririka vichwani mwao, nami napiga kelele, "Si mimi! Wallahi si mimi!" na kadiri ninavyokana ndivyo wanavyoshangilia.

Mwenyekiti, maji yanamtiririka puani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ndugu," akasema, "kijiji kitakupa nyumba."

Nikadhani ni shukrani. Nilipoona wameweka vijana wawili mlangoni nikaelewa.

Asubuhi yake ndiyo siku niliyoogopa kuliko zote maishani. Anga ilikuwa safi, buluu tupu, jua linawaka kana kwamba halijawahi kusikia habari ya mvua. Wakaja wote, wametulia, wameniamkia kwa heshima, hata wazee waliniambia shikamoo, na mbele yao wamebeba debe langu, wameliosha linang'aa, na chuma changu cha kulehemia juu yake. Mzee wa mundu akasema mbegu zimelowa, sasa zitaota, zikiota zikakosa maji zitaungua, "kwa hiyo, mwanangu, tunakuomba ya leo." Akasema kwa upole kabisa. Na mimi nikaona mbele yangu siku zote zinazokuja, kila siku kavu itakuwa imeandikwa jina langu. Jana nilikuwa mtu aliyefunga mvua nikaogopa. Leo nilikuwa mwenye mvua, na mwenye mvua ndiye pia mwenye kiangazi.

Nilimtazama Mama Elizabeti, naye alikuwa amekuja na bakuli la uji. Akaniwekea mkononi, akaniambia pole pole, "Mimi najua hukufunga kitu. Nilijua ulipolia. Kunywa, unyamaze, safari hii unyamaze kweli." Kisha akasimama akawageukia watu.

"Wazee wangu," akasema, "mvua imefunguliwa jana. Leo mlangoni pa huyu mgeni kuna walinzi. Mkimfunga aliyefungua, mnadhani mmefunga nini?"

Nikaona mzee wa mundu analifikiria neno hilo, analigeuza. Akatazama anga, akatazama wale vijana mlangoni. Akasema, "Watoke hapo. Haraka." Na mwenyekiti akasema haraka zaidi, kwamba ofisi yake tangu mwanzo haikuafiki.

Lori lilikuwa limezama kwenye matope ya mbuga mpaka kwenye magurudumu, na kijiji kizima kikaja kulisukuma, wanaimba, wanateleza, na Pazi amekaa kwenye usukani ananikwepa macho. Debe waliomba libaki. Nililiacha. Ningewaachia hata shati.

Tulifika karibu na Tura ndipo Pazi akafungua mdomo. "Mtani," akasema, "nisamehe." Nikamwambia muuza nazi wee, nyamaza uendeshe. Tukaingia Tabora kwenye joto na moshi wa mapori, miyombo imeshatoa majani mekundu, kavu kabisa, na mke wangu akanipokea mlangoni akasema Mwajuma alituma salamu kwamba kuna maziwa, yako wapi? Nikamwambia yamemwagika. Akasema unanuka. Nikasema najua.

Miezi ilipita, na kila mwisho wa siku nilikuwa nasimama nje natazama upande wa Itigi, sithubutu kumuuliza mtu. Mpaka wakati wa mavuno Pazi akapita na lori lake, akashuka na kuku jike mwekundu, miguu imefungwa kamba, akaniwekea mbele ya kibanda. Hakutania. Akasema, "Mama Elizabeti amesema mtama umetoka, wa kutosha. Na amesema, mwambie huyu ndiye kuku wake aliyemtaka."

Watu wa kibandani, niliowasimulia ule utani wa debe tu, wakacheka mpaka wakashika mbavu, ndiyo hiyo nusu wanayoijua. Mimi niliingia ndani nikakaa. Kwa sababu yule mama, kwenye njaa ile, alikuwa amelikumbuka neno langu la upuuzi, akalitunza msimu mzima, akalilipa. Na kama isingenyesha je? Nani angelilipa?

Kuku yule hatukumchinja, alizeeka hapa hapa uani. Na tangu siku hiyo, mtu akiniuliza mvua itanyesha lini, hata awe Mzaramo, hata awe ananitania mbele ya mtaa mzima na kukana ni kushindwa, mimi namjibu sijui, tena nasimama nasema kwa sauti, sijui, mpaka wa upande wa pili wa barabara wasikie.